Mabomba Aliyoyatia Alama Foelke Ubben

Lori la fundi wa kinanda lilipoingia Hauenwarf, kijiji cha pwani ya kaskazini, Foelke Ubben alikuwa juu ya ngazi akifuta taa za kanisa, na hakushuka. Alilitazama kupitia dirisha likipanda taratibu ule mwinuko wa kanisa mpaka likasimama uani, kisha akasoma namba zake. Zilikuwa namba za kusini kabisa, kule kwenye milima.

"Katoka mbali," alijisemea huku akikamua kitambaa. "Na anayetoka mbali ana mbali pa kukimbilia."

Mwaka ule wa 1978 Foelke alikuwa na miaka hamsini na minane, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hakuwahi kuolewa, na macho yake ya kijivu yalikuwa mazito kupepesa. Alikuwa mtunza kanisa, kama baba yake Reent kabla yake. Alipiga kengele, alifagia, aliwasha jiko la makaa siku za baridi, na zaidi ya yote alishika funguo. Zilikuwa funguo sita kwenye pete moja ya chuma, nayo pete ilikaa kiunoni mwake tangu anapoamka hadi anapolala. Watu walitania kwamba siku atakapokufa, malaika watamsikia kabla hawajamwona.

Utani mwingine haukusemwa mbele yake. Huo ulihusu baba yake na tarumbeta.

Kinanda cha mabomba cha Hauenwarf kilijengwa mwaka 1688, na kilisimama kwenye roshani juu ya mlango mkubwa, mbao za mwaloni zilizokuwa nyeusi kwa uzee. Ndani yake mabomba yalipangwa safu kwa safu, kila safu na sauti yake. Safu moja iliitwa tarumbeta, mabomba arobaini na matano, na wazee walisema ilipolia siku ya Pasaka ng'ombe waliinua vichwa mpaka kwenye tuta la kuzuia bahari. Mwaka 1938 mafundi fulani walikuja, wakafanya kazi siku mbili, wakaondoka. Jumapili iliyofuata tarumbeta haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mabomba ya zinki yenye sauti ya paka aliyefungiwa ghalani.

Watu waliwaka. Nani kawaruhusu? Nani kawafungulia? Mwenye ufunguo ni nani? Reent Ubben. Na kana kwamba hilo halikutosha, majira yaleyale ya kuchipua Reent alionekana na baiskeli mpya. Alisema kauza kondoo wawili.

"Kondoo gani?" waliulizana watu. "Wale wa tarumbeta?"

Reent hakujitetea. Aliendelea kupiga kengele na kutazama chini hadi alipofariki miaka ishirini na mitatu baadaye. Foelke alikuwa na miaka kumi na minane mambo yale yalipotokea, na siku moja tu alithubutu kumuuliza. Baba yake alimsogezea kikombe. "Kunywa chai yako," akasema. Basi. Tangu hapo Foelke aliibeba kesi ya baba yake mwenyewe, akimtazama kila mtu kama mwizi ambaye bado hajashikwa, maana ilikuwa afadhali kuishuku dunia nzima kuliko kumshuku mtu mmoja. Jambo ambalo hakulikiri hata kwa Mungu ni kwamba yeye pia hakuwahi kuwaona kondoo wale wakiuzwa.

Fundi aliyeshuka kwenye lori aliitwa Leopold Zierl. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana na sauti ya chini, na matamshi yake ya kusini yaliwafanya watu wa Hauenwarf wamwombe arudie kila neno. Baraza la wazee wa kanisa lilikuwa limempa kazi ya kukirudishia kinanda hali yake ya zamani: kukibomoa chote, kutengeneza kilichoharibika, kuitupa ile safu ya zinki na kutengeneza tarumbeta mpya kwa mfano wa ile ya kale.

Foelke alimkaribisha jikoni kwake, kwa kuwa ndivyo ilivyopasa. Nyumba yenyewe ilikuwa mali ya kanisa, nyumba ya mtunza. Aliweka donge la sukari kwenye kikombe, akamimina chai juu yake hadi ikapasuka kwa mlio, akatonesha malai pembeni. Bwana Zierl alichukua kijiko akakoroga.

 Kwa watu wa Hauenwarf chai haikorogwi. Mtu hunywa malai kwanza, kisha uchungu, kisha utamu ulio chini, na hunywa vikombe vitatu. Bwana Zierl alikunywa kimoja, akashukuru, akasimama.

"Kikombe kimoja?" Foelke alimwambia jirani yake Swaantje jioni ileile. "Kimoja, na kakoroga. Mtu asiye na subira ya chai atakuwa na subira ya mabomba mia sita?"

"Mwenzangu, yule ni mgeni," Swaantje alisema. "Kwao huenda wanakoroga."

"Kwao huenda na kuiba wanaiba."

"Haya. Ushaanza."

"Mabomba anayapeleka kwenye karakana yake huko milimani. Kilomita mia tisa, Swaantje. Miezi saba. Yakirudi, nani atajua kama ni yaleyale? Bati la zamani ni mali. Atatuletea mapya yaliyopakwa vumbi, na sisi tutaimba haleluya."

Swaantje, ambaye alikuwa mnene, mcheshi na mvivu wa kubishana, alichukua biskuti ya pili. "Basi yatie alama, kama kondoo," akasema kwa mzaha.

Foelke hakucheka. Kesho yake mchana, fundi alipokwenda kununua kamba mjini, alichukua sindano nene ya kushonea soksi, akafunga mlango wa kanisa kwa ndani, akapanda roshani na kuingia ndani ya kinanda kupitia kilango cha nyuma. Hakuwa ameingia humo tangu utotoni. Vumbi lilikuwa kama unga, na mabomba yalisimama kumzunguka, mengine marefu kumpita, mengine madogo kama kalamu. Alipiga magoti. Chini ya kila bomba alilolifikia, kwenye ile sehemu iliyochongoka inayosimama juu ya sanduku la hewa, alikwaruza alama ndogo kama ndoano. Alifanya hivyo siku tatu mfululizo, kila alipopata nafasi. Alitia alama mabomba sitini na manne, akayaandika kwenye daftari la mapishi, ukurasa unaofuata supu ya kabichi.

Kazi ya kubomoa ilipoanza, alipata sababu ya kufagia roshani kila saa. Bwana Zierl hakulalamika. Alitoa mabomba moja moja, akayalaza kwenye masanduku yenye karatasi kama mtu anayelaza vichanga. Mtaalamu mmoja wa mambo ya kale alikuja kutoka mjini na kamera, akapiga picha, akaandika sana, akaondoka. Hadi hapo Foelke hakuwa na la kushika.

Wiki ya tatu likatokea. Mabomba yalikuwa yameshatoka, na fundi alikuwa amefikia sanduku la hewa lenyewe, lile sanduku kubwa bapa ambalo mabomba husimama juu yake. Foelke alipanda na ufagio wake akawakuta watu wawili wameinama juu ya ubao uliotolewa ndani ya sanduku: Bwana Zierl, na Tamme Wiards, mwenyekiti wa baraza la wazee. Tamme alikuwa mkulima mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale, mtu wa miaka sitini, mwenye shingo nyekundu. Baba yake alikuwa mwenyekiti kabla yake, na babu yake vilevile.

Walipomsikia walinyamaza. Bwana Zierl alivuta turubai akaufunika ule ubao.

"Umefagia hapa asubuhi, Foelke," Tamme alisema.

"Vumbi halisomi saa."

"Nenda ukafagie chini basi."

Alishuka, lakini si haraka. Alimsikia Tamme akisema, "...ukilainisha kwa randa, nani atajua?" na fundi akijibu kitu kwa ile sauti yake ya chini, kisichosikika.

Alasiri ile Bwana Zierl alimfuata uani. Alikuwa amevua kofia. "Mama Foelke, naomba ufunguo wa kile chumba cha mchungaji kanisani. Nina vitu vya kuweka mahali pakavu mpaka nirudi."

"Nitakufungulia, halafu nitafunga."

"Nauomba ukae kwangu."

"Ufunguo wa kanisa hili haujawahi kutoka kwenye pete hii."

"Najua," alisema fundi, akatazama viatu vyake. "Mwenyekiti amesema niuchukue."

Ilibidi autoe. Pete ilikuwa imekaza kwa miaka mingi, na ulipotoka ulimkwangua kidole hadi damu ikatoka. Usiku hakulala vizuri, na asubuhi lori lilipokuwa linashuka mwinuko na mabomba yote, alisimama mlangoni akihesabu masanduku kwa sauti, ili fundi amsikie. Fundi alimpungia mkono. Hakupunga.

Majira ya baridi yalikuwa marefu. Watu waliimba kwa kinanda kidogo cha kukanyaga kwa miguu kilichoazimwa shuleni, na roshani ilibaki tupu, upepo wa baharini ukipita humo kwa mluzi. Foelke aliunganisha mambo kama mtu anayefuma soksi. Fundi na Tamme. Ubao uliofunikwa. Randa. Ufunguo. Kwa maoni yake jambo lilikuwa wazi: wawili wale wamekubaliana kuuza mabomba ya zamani, na kwenye ubao ule kulikuwa na orodha ya kale inayoonyesha ni mangapi na ya aina gani. Ndiyo maana ilibidi ifutwe. Mara kadhaa alisimama mbele ya mlango wa chumba cha mchungaji, akatia jicho kwenye tundu la ufunguo. Aliona ukingo wa turubai, basi.

"Kamwambie mchungaji," alisema Swaantje.

"Mchungaji anamwamini kila mtu. Ndiyo kazi yake."

"Na wewe kazi yako?"

"Mimi nashika funguo," Foelke alisema. Kisha akakumbuka, akasema, "Tano."

Lori lilirudi mwezi wa Mei. Masanduku yalipangwa kwenye viti vya kanisa, na Foelke hakungoja. Fundi alipokwenda kuoga baada ya safari, alitoa daftari la mapishi, akavaa miwani, akaanza kugeuza mabomba. Alama ya kwanza ilikuwepo. Ya pili ilikuwepo. Akaendelea kwa saa nzima, na kila alipoiona ile ndoano yake ndogo alihisi kama kuvunjika moyo kidogo, jambo lililomwaibisha. Halafu akafika bomba lisilo na alama. Kisha la pili. Alipomaliza, mabomba kumi na moja hayakuwa na alama, na sehemu yao ya chini iling'aa kama kijiko kipya.

Alikaa kwenye kiti cha kanisa. "Nimekushika," alisema kwa sauti, na sauti ikamrudia kutoka darini.

Baraza la wazee lilikutana Jumamosi mchana nyumbani kwa Mchungaji Habbo Garrelts, kijana mwenye ndevu laini aliyekuwa na miaka minne tu pale. Foelke hakualikwa. Aliingia akiwa na daftari mkononi na bomba moja kwapani, akasimama mbele ya meza. Wazee wanne walikuwepo, Tamme Wiards kichwani mwa meza, na Bwana Zierl, aliyekuja kueleza kazi ilipofikia.

"Mchungaji, naomba kusema."

"Karibu, Mama Foelke. Keti."

"Nitasimama. Kabla mabomba hayajatoka hapa, niliyatia alama. Sitini na manne. Yamerudi hamsini na matatu. Haya kumi na moja siyo yetu." Akaliweka bomba mezani. "Muulizeni huyu mgeni ya kwetu yako wapi. Na mkimaliza, mwulizeni mwenyekiti, maana walinong'ona pamoja."

Shingo ya Tamme ilizidi kuwa nyekundu.  Bwana Zierl alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anaingoja siku hiyo, akatoka nje hadi kwenye lori. Alirudi na kisanduku cha mbao. Ndani yake mlikuwa na vipande kumi na kimoja vya risasi, vimechongoka, vimetafunwa, vimejaa unga mweupe, kila kimoja na kikaratasi chenye namba.

"Mwaloni una tindikali," alieleza, akijitahidi kutamka polepole ili aeleweke. "Miaka mia tatu inakula risasi kutokea chini. Miguu hii ilikuwa imekufa. Nimeikata, nikalehemu mipya. Juu ni bomba lenu lilelile. Sikutupa kitu." Akakigeuza kipande kimoja na kukisogeza mbele ya Foelke. Ndoano ilikuwepo.

Foelke alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aligeuza vipande vyote kumi na kimoja, bila haraka, na hakuna aliyethubutu kumwambia inatosha.

"Niliziona siku ya kwanza," fundi aliongeza. "Mkwaruzo mpya hung'aa. Yule mtaalamu wa mjini alizipiga picha. Ameandika kurasa mbili kwamba ni alama za siri za fundi wa mwaka 1688. Sikutaka kumharibia furaha."

Mzee mmoja aliangua kicheko, wa pili akafuata, hata mchungaji akafunika mdomo. Foelke alisimama palepale, masikio yakimchoma. Pengine yangeishia hapo, na angerudi nyumbani na aibu yake, kama Tamme Wiards angenyamaza. Lakini Tamme alikuwa ametishika, na mtu aliyetishika akipona hupenda kupiga.

"Mwizi huona kila mtu mwizi," alisema, akiegemea kiti. "Si ajabu, Foelke. Mtu hurithi funguo, hurithi na mengine. Nyumbani kwenu si kulikuwa na baiskeli?"

Kicheko kilikatika. Kwa miaka arobaini hakuna aliyekuwa amelisema neno hilo mbele yake.

Bwana Zierl alimtazama Tamme. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa chumba cha mchungaji, akauweka mezani mbele ya Foelke.

"Mama, tafadhali. Nenda ukaulete ule ubao. Uko chini ya turubai. Nami nitakaa hapa, asije mtu akasema nimeugusa."

"Zierl!" alisema Tamme. "Tulikubaliana."

"Wewe ulikubali," fundi alijibu. "Mimi nilinyamaza."

Foelke alivuka ua. Alifungua mlango ambao hakuufungua kwa miezi minane, akaondoa turubai. Ulikuwa ubao mrefu wa mwaloni wenye matundu arobaini na matano, ule uliobeba tarumbeta. Aliugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa chini, mahali ambapo macho yasingefika mpaka kinanda kibomolewe, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko wa kulala wa watu wa zamani. Foelke alisoma akiwa amesimama. Akaketi, akasoma tena. Kisha akaubeba hadi nyumbani kwa mchungaji, mzito kama ulivyokuwa, akaulaza juu ya meza na vikombe vyote.

Mchungaji ndiye aliyesoma kwa sauti:

"Tarumbeta tumeitoa tarehe 9 Machi 1938 kwa amri ya mwenyekiti wa wazee, H. Wiards. Mtunza kanisa Ubben alikataa kutufungulia, akatuzibia mlango kwa mwili wake. Wiards alileta ufunguo wa pili na kumwambia akumbuke nyumba anayokaa ni ya nani. Tarumbeta ilikuwa nzima, nzuri. Imekwenda kuyeyushwa. Atakayesoma anisamehe. J. K., fundi msaidizi."

 Foelke hakulia wala hakutabasamu. Alikuwa anamwona baba yake akimsogezea kikombe, na nyumba ile ya mtunza, na yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na minane pale mezani, bila pengine pa kwenda.

"Yalikuwa mambo ya wakati ule," Tamme alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila kanisa lilitaka sauti laini. Watu walipokasirika, baba... hakusema ni Reent. Hakuwahi kusema."

"Wala hakusema si Reent," Foelke alisema.

Akamgeukia fundi. "Na wewe. Ulijua tangu Septemba."

"Ndiyo, mama. Aliniambia niupige randa. Sikupiga. Lakini nilitaka kazi hii, ni kinanda ambacho fundi hukipata mara moja maishani. Basi nikaufunika, nikajiambia nitaamua baadaye."

"Ulikunywa chai yangu."

"Ndiyo."

"Na ukaikoroga."

Bwana Zierl hakuelewa, lakini aliinamisha kichwa. "Ndiyo, mama. Nayo pia."

Foelke aliuchukua ufunguo mezani, akaurudisha kwenye pete. Ilimchukua muda, maana pete ilikuwa imekaza, na watu wote walingoja mpaka akamaliza.

Ungefikiri kijiji kizima kilikwenda kugonga mlango wake na kuomba radhi. Walikuja watatu. Wengi wa waliomsema Reent walikuwa makaburini tayari, na walio hai walikuwa na aibu ya kukumbushwa. Na ulimi ukizoea njia hauachi: kabla wiki haijaisha, Swaantje alileta habari kutoka kwa muuza mikate.

"Eti kalamu ya risasi haina umri. Eti wewe na fundi mmeandika wenyewe, wakati wa baridi."

"Nani kasema?"

"Wakwe wa Wiards. Na Gerjet mwenye duka."

Foelke alifikiri kidogo. "Ningekuwa wao," akasema, "hata mimi ningeshuku hivyo." Na kwa mara ya kwanza Swaantje alimwona rafiki yake akicheka hadi akashika ubavu, kicheko kikavu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

Tamme Wiards alikuja mlangoni kwake Jumapili moja baada ya ibada, hakuvuka kizingiti. "Baba yangu hakuwa mtu mbaya," alisema.

"Sikusema."

"Basi tumemaliza?"

"Hapana," Foelke alisema, akafunga mlango polepole, bila kuupiga. Baadaye alisikia kwamba Tamme amekataa kugombea tena uenyekiti, akisingizia mgongo.

Kuhusu baiskeli hakupata jibu. Maandishi hayakuitaja, na kondoo wawili wa mwaka 1938 hawana kumbukumbu popote. Siku nyingine, akipanga mishumaa, wazo lile lilimjia tena kwa mlango wa nyuma. Baba alikataa mlangoni, sawa. Na baada ya hapo? Je, alikuja mtu jioni kumnyamazisha kwa kitu cha magurudumu mawili? Alilisukuma wazo lile nje, likarudi. Alijifunza kuishi nalo kama watu wanavyoishi na mguu unaouma mvua ikikaribia.

Mwishoni mwa Agosti kinanda kilikuwa kimesimama tena. Ilibaki kukilinganisha sauti, kazi ya siku nyingi ambayo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja huingia ndani kati ya mabomba, mwingine hukaa nje na kubonyeza kitufe kimoja kimoja, akikishikilia mpaka aambiwe. Mpiga kinanda alikuwa mwalimu na shule zilikuwa zimefunguliwa. Bwana Zierl alishuka kutoka roshani, kofia mkononi.

"Mama Foelke, una subira?"

"Kuliko wewe."

Akaketi kwenye kiti cha mpiga kinanda, mahali ambapo alikuwa amefuta vumbi maisha yake yote bila kukaa. Fundi alipotelea ndani. Alisikika akijipenyeza, akigonga kitu kidogo kwa nyundo ndogo.

"Ya kwanza!"

Alibonyeza. Tarumbeta ilitoa sauti ya chini kabisa, na ubao wa kiti ulitetemeka chini ya mapaja yake. Foelke alishikilia. Mle ndani fundi aligonga, sauti ikayumba, ikatulia.

"Inayofuata!"

Walikwenda hivyo asubuhi nzima na siku iliyofuata. Hawakuzungumza jingine. Siku ya tatu, wakiwa juu karibu na mwisho, fundi aligonga mara mbili, akasema, "Hiyo tayari. Inayofuata!"

Foelke hakuondoa kidole.

"Inayofuata, mama!"

"Bado," alisema.

"Imekaa sawa. Nimeisikia."

"Kuna kitu ndani. Kinatetemeka."

Fundi alisikiliza. Alikuwa na miaka thelathini katika kazi ile. Foelke alikuwa na kidole kimoja na shaka zake. Sauti iliendelea kulia katika kanisa tupu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushindwa. Hatimaye ikakatika ghafla, kwa kuwa bomba lilikuwa limenyanyuliwa, na mkono wa Bwana Zierl ukatokea kwenye kilango cha pembeni. Kiganjani mlikuwa na nzi mkavu, bawa moja limesimama.

Foelke alimtazama yule nzi, akamtazama fundi, ambaye uso wake ulikuwa mweusi kwa vumbi na macho yamemtoka.

"Lirudishe bomba," akasema, "tusikie tena."